Wimbo wa Deo Kisimani

Wanangu, mmeniita niwaambie jinsi ya kufanya kazi kwa ujasiri katika nchi ya watu. Mmekosea mtu. Mimi ni mwoga. Nilikuwa mwoga nikiwa mtoto kule Dodoma, nimezeeka nikiwa mwoga hapa Toronto, na kazi yangu yote ya kufufua mashine za kale za kusukuma maji nimeifanya mikono ikitetemeka. Msicheke, subirini kwanza. Vidole vyangu hivi hapa, hesabuni, vyote vipo. Kuna wenzangu hodari sana katika kazi hii ambao hawawezi kusema hivyo.

Kwa hiyo leo nitawafundisha woga. Na mwishoni nina ombi, nalisema mapema kabisa ili asiyetaka aende zake akanywe chai. Mnamjua Solange, binti wa Deo, yule anayekuja kanisani na grisi kwenye kucha. Solange ameanza kushuka visimani, na anatafutwa mtu wa kumshikia kamba. Mimi niliyeishika siwezi tena, na sababu siyo uzee. Deo mwenyewe hayupo leo, ndiyo maana nimekubali kusema leo.

Basi. Mashamba ya huko kaskazini, ukishaipita Richmond Hill, yamejaa vyuma vya zamani. Babu zao wenye mashamba walivuta maji kwa injini zenye magurudumu mazito, kwa vinu vya upepo, kwa bomba za mkono. Umeme ulipofika, vyote vikasukumwa ghalani na kuku wakalala juu yake. Siku hizi wajukuu wanavitaka tena. Mmoja anataka apeleke kwenye maonyesho ajitambe, mwingine anataka tu aone maji yakitoka pale pale alipoyaona babu yake akiyatoa. Wa namna hii ya pili nawapenda zaidi, ingawa wanalialia sana karakanani.

Karakana yetu ilikuwa Downsview, katikati ya maghala. Mwenyewe alikuwa Bwana Nizar, Mwismaili wa Tabora, mtu mfupi, mkali, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Baba yake alikuwa na shamba lenye pampu, na yeye alikua akilala kwa mlio wa ile injini. Mimi nilikwenda kwake kufagia. Nilikuwa nafagia sakafu yote vizuri, ila kila nikifika kwenye mashine nazunguka mbali, hata iwe imezimwa. Siku moja akaniuliza, "Mama Tumaini, kwa nini hapo hufagii?"

"Naiogopa."

"Imezimwa hiyo."

"Wewe ndiye uliyeizima. Mimi sikuona."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniwekea spana mkononi, akasema wote aliowaajiri kwa sababu walijiamini walimharibia vitu, safari hii anajaribu mwoga. Ndivyo nilivyopata ufundi, wanangu. Mtu akiwaambia woga hauna faida, mwambieni aje kwangu nimwonyeshe pensheni yangu, ingawa ni kidogo.

Sasa sikilizeni kuhusu zile injini. Kuna aina moja ya zamani, inapiga pu! halafu inanyamaza. Haijazimika, hapana. Gurudumu linaendelea kuzunguka kwa nguvu liliyobaki nayo, fyu, fyu, fyu, injini inapumua tu, mpaka mwendo upungue ndipo inapiga tena. Mgeni akiisikia imenyamaza anadhani imekufa. Baridi yangu ya kwanza pale nilivaa kila nguo niliyokuwa nayo, na skafu ndefu ya sufu niliyopewa na kanisa. Nikainama kuokota nati. Injini kimya. Loo! Nilichosikia ni shingo yangu kuvutwa, na mkono wa Bwana Nizar ukinikamata kiunoni kama mzigo. Bahati skafu ilikuwa imezungushwa tu, haikufungwa. Ilitoka, ikazunguka na gurudumu, ikarushwa juu ikanasa kwenye chuma cha dari. Iko pale pale mpaka kesho. Bwana Nizar alikataza isishushwe. Alisema, "Mashine ikipiga kelele, unajua iko wapi. Ikinyamaza, ndipo uiogope." Nilikwenda chooni nikalia, nikarudi nikamaliza kusafisha ile nati.

Ufundi wenyewe hauna maajabu. Kutu haipigwi nyundo. Unaipaka mafuta mepesi, unaiacha, unarudi kesho, unapaka tena, unapasha moto kidogo, unagusa kwa spana kama unayemwamsha mgonjwa. Ikikataa, unakwenda kunywa chai. Vijana wanapenda nguvu, na nguvu inapasua chuma cha zamani kama kigae. Ile ngozi inayozunguka pistoni ya bomba, ambayo ndiyo inayonyanyua maji, usiinunue ngumu ukaiweka hivyo hivyo. Iloweke kwenye mafuta ya uvuguvugu mpaka ilainike, uikande kwa kidole gumba ukizungusha. Ikishakuwa laini kama sikio la mtoto, iko tayari. Deo alikuwa akizikanda akiimba.

Nije kwa Deo. Alikuja kutoka Uvira akiwa mjane, na Solange mdogo amemkalia begani. Alikuwa na kifua kipana na moyo mpana zaidi, na alikuwa anaimba. Jamani, yule mtu alikuwa anaimba! Akifungua nati anaimba, akila anaimba na chakula mdomoni. Wimbo wenyewe ulikuwa mmoja tu, wa kanisani kwao, wenye beti nne. Ubeti wa kwanza wa asubuhi, wa pili wa mvua, wa tatu wa mavuno, wa nne wa kupumzika. Asubuhi, mvua, mavuno, kupumzika. Mwanzoni ulinichosha, nikamwomba Mungu amfundishe mwingine. Baadaye hata mimi nikawa naosha masufuria yangu kwa mpangilio ule ule.

Wimbo huo ndio uliotupa desturi ya karakana. Pampu nyingi za zamani, sehemu yake inayofanya kazi iko chini, ndani ya kisima chenyewe. Visima hivyo vilichimbwa kwa mikono, vimejengewa mawe pembeni, mtu anaenea. Valvu ya chini ikikwama hakuna ujanja, mtu lazima ashuke. Mimi? Thubutu! Nilikuwa nachungulia tu mdomo wa kisima, narudi nyuma hatua tatu. Ile harufu ya mawe mabichi, na lile giza ambalo sauti yako inaingia halafu inachelewa kurudi. Anayeshuka alikuwa Deo. Bwana Nizar anakaa kwenye winchi, ile ya kumshusha na kumpandisha kwa kamba nene. Mimi nashika kamba nyembamba iliyofungwa kwenye mkanda wa Deo, kazi yangu ni kusikiliza. Kwa kuwa Deo alikuwa anaimba hata hivyo, Bwana Nizar akaifanya sheria: anayeshuka anaimba, na wimbo ukikatika, mshika kamba anavuta, bila kuuliza. Mimi nilifaa kazi hiyo. Mtu hodari asingesikiliza kama nilivyosikiliza mimi.

Na kabla ya kushuka, tulikuwa tunashusha taa ya chemli. Hiyo ilikuwa ya baba yake Bwana Nizar, ilitoka naye Tabora. Ikizimika, hewa ni mbaya, hakuna kushuka. Ikiwaka, shuka. Babu na baba walifanya hivyo, hakuna aliyekufa.

Siku hiyo ilikuwa kiangazi, joto, hakuna hata upepo wa kutikisa jani. Kisima kilikuwa na maji mengi, tukaweka pampu ndogo ya petroli pale mdomoni kuyatoa. Ikanguruma tangu asubuhi. Maji yalipopungua tukaizima, tukashusha chemli. Mwali ukasimama wima, mzuri. Deo akafanya ishara ya msalaba, akashuka.

"Kamata tu kamba, Mama Tumaini. Mimi niko bien, niko salama."

Nikasikia spana zikigonga. Nikasikia asubuhi. Nikasikia mvua. Nikangoja mavuno.

Ikaja asubuhi.

Nikafikiri amesahau, mtu husahau. Halafu badala ya mvua, badala ya mavuno, akaingia kwenye kupumzika, sauti imelegea, maneno yanaburuzika. Nikaita, "Deo!"

"Niko bien, Mama." Akacheka. Halikuwa cheko lake. Lilikuwa cheko la mtu anayeamshwa usingizini.

Bwana Nizar akachungulia. "Taa inawaka," akasema. Na kweli, niliiona kwa macho yangu, inawaka vizuri kabisa karibu na kichwa cha Deo. Wimbo haukuwa umekatika. Kwa sheria yetu hapakuwa na sababu ya kuvuta.

Sijisifu hapa, wanangu. Mimi sikuamua kitu. Mkono wangu ulivuta kabla sijafikiri. Bwana Nizar alipoona kamba imekaza akaanza kuzungusha winchi bila kuuliza, Mungu amrehemu kwa hilo. Katikati ya njia Deo akaanza kutugombeza, "Niacheni, niacheni kidogo nilale." Akalisema kwa upole, kama mtoto. Kisha akanyamaza. Alipotokeza mdomoni kichwa kilikuwa kimelala kifuani, na mimi nikapiga ukunga ambao nadhani waliusikia Downsview.

Aliamka hospitali. Daktari akatueleza polepole. Ile pampu ya petroli, moshi wake ulizama kisimani na hapakuwa na upepo wa kuutoa. Tuliizima injini, sumu ikabaki. Haina harufu, haina rangi. Taa ya chemli inakufa hewa ikikosekana, lakini sumu hii haiizimi taa. Inamzima mtu, taa ikiwa inawaka vizuri. Kabla yetu hakuna fundi wa zamani aliyelijua hilo, kwa sababu zamani hawakuwa na pampu ya petroli ya kuweka kisimani. Tulichanganya ya kale na ya sasa, na pale katikati pakataka kumla mtu. Bwana Nizar alikaa kwenye kiti cha hospitali akisema "Yarabi, Yarabi," na hakuiwasha tena taa ile.

Deo alirudi kazini. Alikuwa anaumwa kichwa, anasahau ameweka wapi spana, anamwita mteja kwa jina la mteja mwingine. Hakushuka tena, akabaki mezani na ngozi zake, wimbo akiuvumisha puani tu bila maneno. Tukasema kisima kimetuachia mtu wetu. Bwana Nizar akatupikia pilau kwake, tukamshukuru Mungu kila mtu kwa njia yake, mambo yakaisha. Ndivyo nilivyodhani, kwamba yameisha.

Bwana Nizar amekwishafariki, na mimi nimestaafu. Karakana anayo Solange. Huyu mtoto ana akili ya ajabu, amesomea kuchomelea vyuma, kipuri kisichopatikana anakipiga picha anakitengeneza upya. Kisima hakiingii mpaka feni ipulize hewa ndani, anavaa mikanda ya mwili mzima, na kifuani ananing'iniza kipima hewa kinacholia kikinusa sumu. Nilipomwambia habari ya kuimba alinicheka, akaniita Tantine, shangazi, kama kawaida yake.

"Tantine, I have the meter."

"Kipima kina betri," nikamwambia. "Mimi sina betri."

Alikuwa hajawahi kushuka yeye mwenyewe. Kazi za visima alikuwa anazikodishia watu. Jumamosi iliyopita ikatokea pampu moja ya mkono, nzuri, ya shaba, akaitaka yeye kwa mikono yake. Nikamwambia utashuka ukiimba, na kamba nitashika mimi, la sivyo nalala mdomoni mwa kisima hapa hapa unipite juu. Ananijua. Akakubali.

Usiku wake sikulala, hilo lijulikane. Asubuhi nikanywa chai, nikasahau kutia sukari. Shambani nikakagua mikanda yake mpaka akaanza kuguna. Kijana wa winchi akasimama mahali pake. Feni ikaanza kuvuma. Solange akashuka, kofia yake ya plastiki ikapungua, ikapungua, giza likaimeza.

Akaimba. Sauti ya baba yake, ila ya kike. Ule wimbo ule. Machozi yakanitoka, nikajisemea kumbe mtoto anajua Kiswahili, ni ukaidi tu unaomfanya anijibu Kiingereza. Asubuhi. Mvua. Nikashika kamba, nikangoja mavuno.

Ikaja asubuhi.

Mungu wangu! Mnajua mtu anavyosikia nywele zake moja moja? Nikangoja, nikasema mwanamke tulia, kuna feni, kuna kipima. Halafu akaingia kwenye kupumzika.

Nilivuta kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Nikamfokea kijana wa winchi azungushe, azungushe! Nikasikia kofia ikigonga jiwe, spana ikianguka majini, na Solange akipiga kelele huko chini, "Tantine! What are you doing?" Sikuacha. Alitokeza na kiwiko kinavuja damu, kofia imepasuka upande, na kipima kifuani kimetulia, taa yake ya kijani inawaka. Hewa ilikuwa nzuri. Hakuwa na kitu.

"Mavuno yako wapi?" nikamlilia. "Umeruka mavuno!"

"Mavuno gani?"

"Ubeti wa tatu! Baada ya mvua!"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyevuta sumu. "Hakuna ubeti kama huo, Tantine. Baba anaimba hivyo. Kila siku, akiosha vyombo."

Nilikaa kwenye nyasi. Wanangu, Deo anasimama katikati yetu kila Jumapili, anaimba na kwaya, anafuata midomo ya wenzake, nani angejua? Nyumbani, peke yake, anaimba asubuhi, mvua, asubuhi, kupumzika. Kile kisima hakikumrudisha mzima. Mavuno yalibaki kule chini, na mtoto akalelewa na wimbo ule, akiamini umekamilika.

Nilimwambia Solange nitamfundisha unavyotakiwa. Akakataa. "Hapana, Tantine. Nikiimba wako nitakuwa nafikiri maneno, siyo mikono. Wa baba unatoka wenyewe." Kisha akasema, "Wewe jifunze wa baba." Na hapo alikuwa na haki, niseme nini? Mshika kamba ndiye anayepaswa kuujua wimbo wa anayeshuka.

Basi tukajaribu. Jikoni kwangu, yeye kwenye kiti anaimba, mimi nimeshika kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kiunoni kwake. Asubuhi, mvua, na akirudia asubuhi, mkono wangu unavuta. Tukarudia. Ukavuta. Nikafumba macho, nikasema sala, ukavuta, Solange nusura aanguke na kiti. Tulicheka mpaka tukalia, kisha tukalia tu. Kichwa changu kimeelewa. Mkono haukubali. Na badala ya ile kofia iliyopasuka, ningeweza kuwa nimepasua kichwa. Nikishika tena kamba yake, nitamuumiza mimi, siyo kisima.

Ndiyo maana niko mbele yenu. Namtaka mmoja wenu, mwoga. Hodari simtaki, abaki huko huko. Awe mtu ambaye hakuwepo siku ile, masikio yake hayajawahi kuogopa mpangilio ule. Na huko nje Deo msimwambie neno. Anaupenda wimbo wake.

Jumapili baada ya ibada njooni kwangu, nitapika. Nitawaimbia kama Deo anavyoimba: asubuhi, mvua, asubuhi, kupumzika. Mkiusikia hivyo kutoka kisimani, tulieni, mwacheni mtoto afanye kazi yake. Mkisikia kingine chochote, vuteni, msiulize mtu. Nitauimba mara nyingi mpaka uwaingie. Ila mtanivumilia, nitaimba nikiwa nimeikalia mikono yangu.